Mpira wa Katikati

Nchi yetu sitaitaja jina, kwa sababu ni marufuku kulitaja ukiwa umekaa, nami nimekaa, tena juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wewe unayesoma ukidhani unaifahamu, simama ulitaje mwenyewe. Mimi miguu inaniuma.

Basi katika nchi hiyo tulikuwa na Rais mmoja, na huyo mmoja ndiye tuliyekuwa naye tangu mimi sijazaliwa. Tulimwita Mzee Mlezi. Magoti yake yalipoanza kulia kama mlango wa ghala, alikwenda kutibiwa ng'ambo, maana hospitali zetu ni nzuri mno na hakutaka kuwabania wananchi nafasi. Huko daktari akamwambia dawa ya magoti ni kucheza. Akampeleka dirishani akamwonyesha wazee wa rika lake, wanaume kwa wanawake, wamevaa kaptula bila aibu, wanacheza kitu kinachoitwa pikoboli. Uwanja mdogo, wavu wa kufika kiunoni, vibao vyenye mkono mfupi kama kibao cha kusukumia chapati, na mpira mwepesi wa plastiki uliojaa matundu.

Mzee akarudi na ndege imejaa vibao na mipira.

Forodhani wakafungua mipira, wakakuta yote imetoboka. Hofu ikaingia serikalini. Nani angemwambia Mzee kwamba ameuziwa mali mbovu? Baraza la Mawaziri likakaa, likaamua matundu yazibwe kimyakimya kwa nta. Kazi hiyo tukapewa wanawake wa Soko la Mgombani, na mimi niliziba mipira mingi kuliko wenzangu, kwa ustadi, nikasifiwa, nikajivuna. Siku ya uzinduzi mpira wa kwanza ulipopigwa ulikwenda kama jiwe, ukavunja kioo cha gari la balozi.

Tukapewa kazi ya kuzibua.

*

Mgombani ndipo nilipokulia. Shangazi yangu Chiku, aliyenilea, alikuwa na kibanda cha chai na maandazi pale, na mimi tangu nilipomaliza darasa la saba nilikuwa nyuma ya karai lake. Lilikuwa karai kubwa la chuma, zito, jeusi, limekaangia watoto wa shule ambao sasa ni wazazi.

Uwanja wa pikoboli wenyewe haukuhitaji nafasi. Ungetosha pale panapouzwa dagaa na ukabakisha. Lakini penye uwanja wa Mzee lazima pawe na jukwaa la Mzee, na penye jukwaa lazima pawe na maegesho ya magari, na penye maegesho lazima pawe na ofisi ya kusimamia maegesho. Soko likaisha.

Aliyekuja kutuambia alikuwa Waziri wa Michezo na Furaha ya Wananchi, Mheshimiwa Kitwana Shebe, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza.

"Ndugu zangu," akasema kwenye kipaza sauti, "serikali yenu haiwafukuzi. Serikali yenu inawapa nafasi ya kutazama. Mtu anayekaanga maandazi anainama. Mtu anayetazama mchezo anainua kichwa. Sisi tumekuja kuwainua vichwa."

Tukapiga makofi. Mimi nilikuwa mstari wa mbele na nilipiga kwa nguvu, kwa sababu walikuwa wanagawa kofia na waliopiga kwa nguvu walionekana upesi. Nikapata kofia. Nilipogeuka kumwonyesha Shangazi, tingatinga lilikuwa limeshapita juu ya kibanda chetu.

Shangazi alinitazama kichwani, akatazama zile mbao chini.

"Imekukaa vizuri," akasema. "Sasa tutakaangia humo."

Maana karai nalo lilikwenda. Vyombo vyote vilivyosalimika vilikusanywa vikaitwa masalia, vikafungiwa chumba cha chini ya jukwaa, kufuli nje na mlinzi pembeni. Shangazi akawa anaazima sufuria ya jirani, anakaanga maandazi machache, anazunguka nayo mtaani kwenye beseni. Jioni alikuwa akikanda miguu yake mwenyewe. Bila kile kipande cha sakafu pale Mgombani, na bila lile karai, hatukuwa watu wa kazi yoyote.

Kwa hiyo kila asubuhi nilikwenda kwa yule mlinzi.

"Kaka, nimefuata karai letu."

"Subiri."

Nikasubiri. Kusubiri ndilo somo nililofaulu zaidi.

*

Nikiwa nasubiri nikaujua mchezo, maana hapakuwa na kingine cha kutazama. Kwanza walicheza wa mmoja kwa mmoja.

Unasimama nyuma ya mstari. Unaanzisha mpira kwa chini, mkono ukitokea chini ya kiuno, unaupeleka mshazari, upande ulio mkabala nawe kwa pembe. Pointi zako zikiwa namba shufwa unaanzia kulia, zikiwa witiri unaanzia kushoto. Mwenzako anauacha udunde kwanza ndipo aurudishe, na wewe ukirudishiwa unauacha udunde pia. Baada ya hapo mnaweza kuupiga ukiwa hewani, isipokuwa ukiwa umesimama kwenye kile kipande cha mbele karibu na wavu. Hapo hewani hupigi, hata ukijaribiwa namna gani. Wa kwanza kufika kumi na moja, akimzidi mwenzake kwa mbili, ameshinda.

Na sasa lile lililotuponza: anayepata pointi ni yule aliyeanzisha mpira tu. Asiyeanzisha, hata akishinda, anapata zamu ya kuanzisha basi, pointi hapati.

Msomaji wa nchi nyingine hataona tatizo hapo. Lakini kwetu mdogo hamshindi mkubwa. Si sheria, ni malezi. Karani akicheza drafti na diwani, kete zake hujisogeza zenyewe mahali pa kuliwa. Mkubwa akikosea njia, msafara wote hukosea nyuma yake, tena kwa mwendo ule ule. Mimi mwenyewe shuleni nilikimbia mbio na mtoto wa mwalimu mkuu, na alipoanguka mimi nilikaa chini nikamsubiri.

Siku ya mechi ya kwanza Mzee alicheza na Mheshimiwa Shebe. Mzee akaanzisha. Wavuni. Zamu ikaenda kwa Waziri. Waziri angepeleka mpira vizuri angepata pointi, na pointi ya Waziri ingekuwa uhaini, kwa hiyo akaupiga juu ukaenda zake maegesho. Zamu ikarudi kwa Mzee. Wavuni. Ikaenda kwa Waziri. Maegesho.

"Sifuri, sifuri," akasema mwamuzi.

Jua likapanda. "Sifuri, sifuri." Jua likasimama. Waziri alikosea kwa kulia, akakosea kwa kushoto, akaukosa mpira kabisa, akajipiga goti, mwisho mbinu za kukosea zikamwishia akawa anaomba ruhusa ya kunywa maji ili afikirie nyingine. Mzee alikuwa anapiga wavu bila kuchoka. Redioni mtangazaji alisema mechi inasisimua na pande zote mbili zina ulinzi imara. Watu wakaanza kudondoka kwa jua, na kila aliyedondoka alipigiwa makofi kwa uzalendo.

Alasiri Waziri akaomba kipaza sauti.

"Wataalamu wetu wamegundua," akasema, jasho linamtiririka, "kwamba wavu umevimba kwa sababu ya joto."

Wakaushusha kidogo. Mzee akapiga, wavuni. Wakaushusha tena. Wavuni. Mwisho wakaulaza chini kama mkeka, na Mzee akaupitisha mpira juu yake kwa ufundi mkubwa. Kumi na moja kwa sifuri. Taifa likalia kwa furaha. Na mimi nililia kweli, sitaki kujisingizia msimamo. Nilidhani kwa furaha ile watafungua kufuli.

"Dada," nikasikia mlinzi, "subiri."

*

Rais wa nchi jirani naye alikuwa na magoti. Akasikia habari za ushindi, akatuma salamu kwamba atakuja kucheza mechi ya ujirani mwema, na kwamba atakuja na wavu wake. Hakueleza kwa nini. Hakuwa na haja.

Serikali haikulala. Wavu wa mgeni haulazwi chini. Ndipo Mheshimiwa Shebe akaja na wazo la wawili kwa wawili, akamweleza Mzee pale pale uwanjani, mimi nikiwa karibu na mlango wangu wa kufuli nasikia kila kitu.

"Mzee, wakicheza wawili kwa wawili, kila upande una waanzishaji wawili. Wa kwanza akikosa, zamu haivuki kwenda ng'ambo. Mwenzake naye anaanzisha. Wa pili akikosa, ndipo inavuka."

"Kwa hiyo mimi nikikosa," Mzee akasema.

"Mzee hukosi. Mzee unamwachia mwenzako."

Mzee akalipenda. Bunge nalo likalipenda, likapitisha sheria jioni hiyo hiyo: katika mchezo wa wawili, pointi zinazopatikana ni za Rais, zinazopotea ni za mwenzake. Kesho yake Baraza zima la Mawaziri likaugua. Mmoja aliteguka mkono akipokea simu. Mheshimiwa Shebe alifunga bandeji goti zima, na kesho yake akafunga goti lingine kwa kusahau lipi lilikuwa bovu.

Akatafutwa mtu asiye na cheo cha kupoteza. Mlinzi wa kufuli ndiye aliyenitaja. Alisema kuna binti anasimama pale kila siku, mvua jua, ukimwambia subiri anasubiri. Wakaona hizo ndizo sifa.

Wakanipeleka mbele ya Mzee. Kwa karibu alikuwa mdogo kuliko kwenye picha, na alinuka dawa ya kuchua.

"Unaitwa nani?"

"Mwanvita, Mzee."

"Umesoma mpaka wapi?"

"La saba, Mzee."

"Vizuri. Hutanifundisha." Akakikunja na kukikunjua kiganja chake. "Unataka nini?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili anapoomba barabara, au shule, au maji ya bomba.

"Karai, Mzee," nikasema.

Waziri akakohoa. "Ana maana ya soko, Mzee. Walikuwa na vibanda hapa."

"Tukishinda mtarudi sokoni," Mzee akasema. "Wote."

"Na tukishindwa, Mzee?"

Akamgeukia Waziri. "Tukishindwa, nani kashindwa?"

"Yeye, Mzee. Ni sheria."

*

Nilipomweleza Shangazi, alikuwa anachuja mafuta ya jana.

"Kwa hiyo sasa wewe ndiye Makamu wa Rais," akasema.

"Mwenzake tu, Shangazi. Wa uwanjani."

"Ukimkwangua na hicho kibao, hapa usirudi. Nitasema sikujui, nimekuokota stendi."

Lakini kesho yake alitoa vibao viwili vya chapati, kimoja chetu na kimoja cha kuazima, akafunga kanga kiunoni, tukafanya mazoezi uani, ukuta ukiwa upande wa pili. Mpira ulikuwa wa soksi. Akiwa kulia mimi kushoto, mambo yalikwenda, mpaka mpira ukaja katikati yetu. Tukatazamana. Mpira ukaanguka.

"Ulikuwa wa nani huo?" Shangazi akauliza.

"Wako, Shangazi."

"Kwa nini wangu?"

"Wewe ni mkubwa."

"Mpira unajua mkubwa? Aliye karibu anasema wangu, mwingine anampisha. Ukinyamaza tutagongana vichwa, nami kichwa nakihitaji."

Tukarudia. Mpira ukaja katikati.

"Wako, Shangazi."

Akaweka kibao chini, akaenda kuchochea moto. "Hawa watu wamekuharibu," akasema, "au mimi ndiye niliyekuharibu. Sijui."

Kwa Mzee mambo yalikuwa kinyume. Yeye mipira yote ilikuwa yake. "Wangu," alisema ukija kwake. "Wangu," alisema ukija kwangu. "Wangu," alisema hata ulipopaa kwenda barabarani. Akishasema hivyo nani angeugusa? Nilisimama nimeshika kibao changu kifuani, mpira unadunda mbele yetu mara ya pili na ya tatu, mpaka unatulia.

"Umeukosa," Mzee ananiambia.

"Nimeukosa, Mzee."

Nilijifunza jambo moja tu la maana, kuanzisha. Kuanzisha hakuna wa kugombania. Unasubiri, unatulia, unaupiga kwa chini, unavuka. Nililiweza, nikajiona bingwa.

*

Siku ya mechi wageni walifunga wavu wao, na askari wao wawili wakasimama kuulinda usipate joto.

Rais wa jirani alikuja na mwenzake, Mkuu wa Majeshi, ambaye pia ni shemeji yake. Mtu mrefu, mabega kama kabati. Nilipomwona nikajua soko limekwenda.

Mwamuzi akasoma alama. Katika mchezo wa wawili zinasomwa namba tatu: zenu, za wenzenu, halafu ya mwanzishaji, kama ni wa kwanza au wa pili. Na mwanzo kabisa wa mechi upande unaoanza unapewa mwanzishaji mmoja tu, ili wasipate faida, na huyo anahesabiwa kuwa wa pili.

"Sifuri, sifuri, mbili," akasema mwamuzi, akimtazama Mzee, aliyekuwa ameshika mpira.

Mzee akasimama. "Mbili nani?"

Mwamuzi akaichungulia karatasi yake.

"Mbili ni mwanzishaji, Mtukufu," mwamuzi akasema kwa sauti iliyopungua.

"Katika nchi hii mbili si mimi." Akanipa mpira.

Rais wa jirani akaliona jambo hilo ni la busara sana. Wakakubaliana mezani, kwa amani, kwamba marais wote wawili watakuwa moja siku zote, popote watakaposimama, na sisi wengine tutakuwa mbili. Mwamuzi akafuta sura nzima ya kanuni na mechi ikaanza.

Nikaanzisha. Mpira ukavuka, ukaenda kumwangukia Rais wa jirani kwenye kona yake, akaurudisha vizuri tu, nami nikaupiga, kwa bahati mbaya nikaupeleka katikati yao. Nikafumba macho, nikijua lile kabati litaurudisha na kunizika nao.

"Wako, Mtukufu," nikasikia Mkuu wa Majeshi akisema.

Nikafumbua macho. Mpira umelala kati yao. Wale wawili wanautazama kama mtoto wa mtu mwingine aliyeanguka.

"Moja, sifuri, mbili," akasema mwamuzi.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa mechi. Kwao mpira wa katikati ulikuwa wako-Mtukufu, na hakuna aliyeuchukua. Kwetu mpira wa katikati ulikuwa wangu, na aliyesema wangu hakuufikia. Kila Mzee alipoanzisha, wavuni, zamu ikaja kwangu. Kila Rais wao alipoanzisha, wavuni, zamu ikaenda kwa shemeji. Marais wawili walikuwa wanapeana moyo kwa macho. Mimi na Mkuu wa Majeshi ndio tuliokuwa tunatoka jasho, na wakati mmoja tulipookota mpira pamoja chini ya wavu alininong'oneza, "Dada, hivi na kwenu ni hivi hivi?"

"Hivi hivi, Afande."

"Pole."

"Nawe pole."

Tukafika kumi kwa tisa. Kumi zetu, yaani za Mzee, na tisa zao, yaani zangu. Shangazi alikuwa kwenye kundi la wanawake wa soko nyuma ya kamba, beseni kichwani, halina kitu. Hawakuwa wanatazama mpira. Walikuwa wanatazama pale chini ya jukwaa, kwenye mlango wa kufuli.

Mzee akaanzisha. Wavuni. Nikapokea mpira.

"Kumi, tisa, mbili."

Nikaanzisha. Rais wao akauacha udunde, akaurudisha. Nikauacha udunde, nikaupeleka. Safari hii haukwenda katikati, ulikwenda moja kwa moja kwa kabati, na kwa kuwa hapo hapakuwa na wa kumpisha, akaupiga. Aliupiga kama adui. Ukaja kati yangu na Mzee, kimo cha uso, ukilia kwenye matundu yake.

Nikangoja Mzee aseme. Mzee alikuwa ameinama ameshika goti.

Watu walionihoji baadaye, wa mtaani kwetu maana wa redio hawakuja, walitaka niseme kwamba pale nilifikiria soko, au Shangazi, au haki. Nilifikiria pua yangu. Mpira ulikuwa unakuja kwenye pua.

"Wangu," nikasema.

Kilitoka kisauti kidogo, kama cha mtu anayeomba chumvi. Nikaweka kibao mbele ya uso, mpira ukagonga, ukarudi wenyewe juu ya wavu, ukashuka katikati yao polepole.

"Wako, Mtukufu," akasema Mkuu wa Majeshi, na nadhani alitabasamu.

Ukadunda. Ukadunda tena.

Hakuna aliyepiga makofi. Uwanja mzima ulikuwa umesikia neno lile, likisemwa na mtu mwingine, kando ya Mzee. Mzee akainuka taratibu, akanigeukia. Nikaona nimeshinda mechi na nitalala ndani siku hiyo hiyo.

Mheshimiwa Shebe, na namshukuru mpaka leo pamoja na magoti yake yote mawili, akarukia kipaza sauti.

"Mmemsikia wenyewe, ndugu wananchi. Kwa sauti ya upole, sauti ya mlezi, Mzee wetu amesema: wangu."

Makofi yakapasuka. Mzee akafikiri kidogo, akaona ni kweli, akainua kibao.

Jioni redio ikatangaza Mzee ameshinda kumi na moja kwa sifuri. Tisa zilipotezwa na mwenzake, kwa mujibu wa sheria.

*

Mzee alitimiza ahadi. Hilo lilimshangaza kila mtu, na nasikia na yeye pia. Jukwaa likahamishwa, kufuli likafunguliwa, na mlinzi akanikabidhi karai kwa mikono miwili, akiwa na huzuni kidogo, tulishazoeana.

Manispaa ikamtuma afisa wake, Bwana Pazi, kijana mpole mwenye ndoo ya rangi nyeupe na brashi. Kazi yake ilikuwa kupita kila kipande cha sakafu, kuuliza ni pa nani, na kuandika jina chini, kubwa. Alisema likishakauka limekauka, na panakuwa pa huyo aliyeandikwa.

Akaanza kwa Bi Mwajabu wa dagaa.

"Mama, hapa ni pa nani?"

Bi Mwajabu ameuza dagaa pale tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Akatazama ndoo, akatazama gari la serikali, akatafuta jibu lisilomdhuru mtu.

"Pa Mzee, mwanangu."

Bwana Pazi akaandika, PA MZEE. Hakufurahi wala hakukasirika. Akasogea kwa muuza nyanya. Pa Mzee. Muuza mkaa. Pa Mzee, bila shaka. Rangi ilikuwa inang'aa vizuri juani, mstari mzima.

Akafika kwetu. Pale petu panajulikana, sakafu ina doa jeusi la masizi ambalo hata tingatinga halikulitoa. Nilikuwa nimesimama juu yake, karai mkononi, kofia kichwani. Wanawake wote wakageuka. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, huyu ndiye aliyesema wangu. Nikavuta pumzi, nikanyoosha shingo.

"Dada, hapa ni pa nani?"

"Pa Mzee," nikasema.

Lilitoka laini kabisa, wala halikukwama. Safari hii hapakuwa na mpira unaokuja kwenye pua.

Bwana Pazi akachovya brashi.

"Mwanvita," akasema Shangazi nyuma yangu.

"Bee, Shangazi."

"Ule mchezo wenu wa wawili. Wa kwanza akikosa, zamu inavuka?"

"Haivuki, Shangazi. Anaanzisha wa pili."

"Haya, sogea."

Nikasogea. Shangazi akatua beseni, akasimama juu ya doa, miguu ile iliyovimba kwa kuzunguka, akamtazama Bwana Pazi.

"Pangu," akasema. "Andika Chiku binti Salehe. Ukimaliza andika na huyu, mwenye kofia."

Brashi ikadondosha tone. "Mama, una hakika? Wenzako wote wamesema—"

"Wewe umetumwa kuandika au kubishana?"

"Kuandika, mama."

"Basi inama. Waziri alisema tunaoinama tuna shida, lakini wewe utazoea."

Akainama akaandika. Alipoinuka alimkuta Bi Mwajabu mbele yake, amerudi mbio na kanga inamponyoka.

"Mwanangu Pazi," akasema, "ile ya kwangu haijakauka, sivyo?"

Haikuwa imekauka. Wala ya muuza nyanya, wala ya muuza mkaa. Bwana Pazi akarudi mwanzo wa mstari, na ilivyokuwa kila jina lilipaswa kuandikwa juu ya jingine, rangi ikamwishia. Mwisho wa mstari waliandikwa kwa mkaa. Akaiacha ndoo akaenda zake, na ndiyo hii niliyoikalia.

Mimi mambo hayo sikuyaona yote. Nilikuwa nimeinama nawasha moto. Karai likapata joto, kofia ikanidondokea humo, bahati mafuta yalikuwa bado.

Sasa tunauza kama zamani. Ila mteja mgeni akisimama mbele yangu akauliza hapa ni pa nani, namwambia asubiri kidogo, namwita Shangazi.